Maji Mageni Hayafugi Samaki

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamenizoea kwa habari za mashairi, ngoma na mambo ya wazee wetu. Leo wataniwia radhi, kwani nataka kuwasimulia habari ya samaki wadogo 12 walioingia nyumbani kwangu hapa Mombasa wakiwa hai na wazima, na baada ya siku 11 wakawa wamebaki wawili tu. Nilimlaumu kwa vifo vyao mtu asiyekuwa na kosa, na mtu mwenyewe ni mtoto wa miaka 9.

Mtoto huyo ni mjukuu wangu, mwana wa binti yangu wa kwanza. Jioni moja alirudi kutoka kwa rafikiye, mkononi ana chupa ya jemu, na ndani ya chupa mna samaki wawili wadogo wenye mikia mipana ya rangi, wale ambao vijana wa mjini huwaita gapi. Akaniuliza, "Babu, tutawaweka wapi?" Mimi nami, badala ya kumwuliza mjuzi, nikaona hapa ndipo mahali pa kumwonyesha mjukuu kwamba babu yake ni mtu anayejua mambo.

Nikamwendea fundi wa vioo, akaniundia sanduku la kioo la urefu wa sentimita 60, upana 30 na kimo 35, likaunganishwa kwa gundi ya silikoni. Wengine hukiita chombo hiki tangi la samaki. Mimi nitakiita birika la kioo, na sababu yake msomaji ataiona mbele. Siku moja, baada ya sala ya alasiri, tulikwenda ufuoni na ndoo mbili. Tukachota mchanga mweupe, tukaokota vipande vya matumbawe na makombe ya kila namna. Tuliporudi tuliuosha mchanga mara mbili, tukautandaza, tukapanga matumbawe yetu kama ngome, tukachomeka majani matatu ya plastiki, kisha nikavuta mpira wa bomba nikalijaza birika pomoni. Kabla ya magharibi nilikuwa nimekwisha kununua samaki wengine 10, na wote 12 walikuwa wakiogelea humo. Watu wa nyumbani walikaa kitako kutazama. Kwa hakika lilipendeza.

Siku ya 5, niliporudi kutoka msikitini alfajiri, nilikuta wawili wameelea ubavu. Siku ya 8 wakafa watano kwa mpigo. Waliosalia walikuwa wakihema juu juu ya maji, vinywa wazi, kama watu wanaotafuta pumzi. Nikachungulia ndani, nikaona chembe za chakula zimelala juu ya mchanga. Papo hapo nikapata wa kumlaumu. Nikamwita mjukuu wangu mbele ya mama yake na bibi yake, nikamwambia kwa sauti ya ukali, "Wewe ndiwe uliyewaua kwa kuwalisha bila ya kiasi! Kiumbe ni amana, na wewe hujui amana."

Hakujibu neno. Jioni yake alinijia na kile kikopo cha chakula cha samaki, akanitilia mkononi, akasema, "Babu, shika wewe." Tangu hapo akawa hapiti tena karibu na birika. Akitoka chuoni hupitia mlango wa uani.

Siku ya 11 ilikuwa Ijumaa. Baada ya sala alinitembelea rafiki yangu mmoja, mwalimu wa sayansi aliyestaafu, na tulipokuwa barazani tukinywa kahawa nikamsimulia msiba wangu. Aliinuka akaenda kulitazama birika. Hakuuliza habari ya chakula kamwe.

"Maji haya yana siku ngapi?" aliniuliza.

"Kumi na moja."

"Na samaki je?"

"Kumi na moja vilevile."

Akatikisa kichwa. "Basi, Maalim, samaki wako hawakuuawa na mtoto. Wameuawa na ugeni wa maji."

Neno lile lilinipiga kifuani. Si kwa sababu lilikuwa jipya kwangu, bali kwa sababu nilikwisha kulisikia zamani, nikalisahau.

Mimi nilizaliwa Lamu, katika mtaa wa Mkomani, na sehemu kubwa ya utoto wangu niliipitisha katika nyumba ya mawe ya babu yangu. Anayezijua nyumba zile anajua kwamba chumba cha kuogea kilikuwa na birika, yaani hodhi la kujengwa kwa mawe na chokaa, na maji yake yalichotwa kwa kata. Misikitini nako palikuwa na mabirika makubwa ya kutawadhia. Na ndani ya mabirika hayo mlifugwa samaki wadogo. Hawakuwa pambo. Kazi yao ilikuwa kula viluwiluwi vya mbu. Wajenzi wa zamani waliwafikiria sana samaki wale, hata katika sakafu ya birika wakatia bakuli za kauri, ili maji yakipungua yakakaribia kwisha, samaki wapate mahali pa kujisitiri mpaka birika lijazwe tena. Leo watalii huzitazama bakuli zile wakasema ni mapambo ya Kichina. Kauri ni ya Kichina, naam, lakini walioitia pale walikuwa wakimwekea kiumbe mdogo akiba ya maji.

Nakumbuka mwaka mmoja birika la babu lilipasuka, akaja fundi akalipaka upya kwa chokaa. Lilipojazwa maji nilikimbia na kopo langu lenye samaki, nikitaka kuwa wa kwanza kuwarudisha. Babu akanishika mkono. Akaniambia kwa Kiamu chetu, "Mai haya bado mageni." Maji yale yakamwagwa, yakatiwa mengine, nayo yakamwagwa. Kisha yakaachwa tu, majuma na majuma, hata kuta zikaanza kushika utelezi wa kijani. Ndipo aliponipa ruhusa. Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Sikujua kwamba chokaa mbichi huyafanya maji yawe makali kwa samaki, na kwamba ule utelezi niliouona kuwa uchafu ulikuwa ndiyo dalili kwamba maji yamepata wenyewe.

Mwalimu alinieleza siri yake hivi. Samaki hutoa taka za mwili wake kwa njia ya mashavu yake anakopumulia, na taka hizo ni amonia, kitu kinachochoma kama kile kinachotuwasha pua tukiingia zizi la mbuzi lisilofagiwa. Chakula kilichobaki kikioza nacho hutoa amonia. Katika mto au ziwa, amonia haipati nafasi ya kukusanyika, kwani wapo bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na majani, ambao huila na kuigeuza kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Huingia katika damu ya samaki ikaigeuza rangi ya udongo, damu isiweze tena kubeba hewa, na samaki akahema ilhali hewa ipo. Lakini wapo bakteria wa kundi la pili ambao huichukua nitriti wakaigeuza kuwa nitrati, kitu ambacho kikiwa kidogo hakimdhuru samaki, na ambacho mimea hukifurahia kama mbolea. Mtaalamu wa Kirusi, Sergei Winogradsky, ndiye aliyewatenga na kuwaeleza bakteria wa kazi hii karibu na mwaka 1890, na hata leo elimu hiyo haijesha. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba wapo bakteria wengine wawezao kuifanya kazi yote miwili peke yao, toka amonia hadi nitrati.

Sasa bakteria hawa hawamo katika kioo kipya. Na maji ya bomba hutiwa klorini kusudi viini visikae humo. Kwa hivyo mtu alijazaye birika leo na kutia samaki leo, amewaweka viumbe katika nyumba nzuri isiyo na choo. Bakteria huja wenyewe na kuzaana, lakini huzaana polepole. Aghalabu huchukua majuma manne hadi sita kabla hawajatosha. Samaki hawawezi kungoja muda huo wakiogelea katika taka zao.

Nikamwuliza, "Na mchanga wangu je? Si nimeuosha?" Hakujibu kwa mdomo. Akaomba siki kidogo, akatoa kipande cha tumbawe na konzi ya mchanga, akavidondoshea. Vyote vikatoa povu kama soda. Akanieleza kwamba povu lile ni dalili ya chokaa, na chokaa huyeyuka kidogo kidogo majini na kuyapandisha maji ukali. Gapi wanaweza kuyavumilia maji ya chokaa. Walakini amonia ndani ya maji ya namna hiyo huzidi sumu yake mara nyingi kuliko katika maji ya kawaida. Ngome ile ya matumbawe niliyoijenga kwa maringo ndiyo iliyoitia makali ile sumu. Chakula cha mtoto kilizidi, kweli, lakini hata angelilisha kwa mizani ya sonara, samaki wale wangelikufa.

Usiku huo, baada ya isha, nilimwita mjukuu wangu chumbani. Si jambo jepesi kwa mtu mzima aliyefundishwa kwamba mtoto ndiye wa kuomba radhi. Nilimwambia, "Siku ile nilikwambia hujui amana. Asiyejua alikuwa mimi. Nilitia samaki katika maji mageni, na babu yangu alikwisha kunikanya nilipokuwa mdogo kama wewe. Nisamehe." Akaniangalia kwa muda. Kisha akauliza, "Na wale wawili watapona?"

Nikamwambia habari ya Abu Umayr, mtoto mdogo wa zama za Mtume, sala na amani zimshukie. Alikuwa na kindege chake akicheza nacho, kikafa, na Mtume alipomwona ana huzuni alimwuliza habari ya kindege hicho kwa upole na kwa jina la kumfurahisha. Wanazuoni wetu wameichukua hadithi hiyo kuwa dalili kwamba yafaa kumfuga kiumbe mdogo kwa sharti ya kumtunza. Mimi nilipoisoma chuoni nilishika hukumu yake. Usiku ule nilishika jambo jingine ndani yake, kwamba mkubwa alimkalia kitako mtoto aliyefiwa na kindege, wala hakuanza kwa kumtafuta mwenye makosa.

Wale samaki wawili waliosalia tuliwahamishia katika beseni pana. Kila siku tuliwabadilishia nusu ya maji kwa maji ya bomba yaliyokaa wazi siku nzima ili klorini itoke. Kisha tukalibomoa birika letu, tukaanza upya. Na kwa kuwa huenda msomaji naye ana mtoto au mjukuu anayemsumbua kwa jambo hili, nitaeleza tulivyofanya.

Kwanza ni meza. Birika kama letu likijaa hadi ukingoni huchukua lita 63, na lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukiongeza kioo, mchanga na mawe, unakuwa mzigo wa karibu magunia mawili ya saruji yaliyokaa pahali pamoja siku zote. Meza ya kuyumba haifai. Wala lisiwekwe mbele ya dirisha linalopigwa na jua, kwani jua huotesha ukoga wa kijani na kuyapasha maji joto kupita kiasi. Watu wa nchi za baridi hununua chombo maalumu cha kupashia maji. Sisi pwani Mola ametupashia mwenyewe, na katika joto la kaskazi kazi yetu huwa ni kuyapoza, maana maji ya moto hayashiki hewa nyingi.

Pili ni sakafu. Safari hii tuliamua birika letu liwe na mimea hai. Tulifuata njia iliyoelezwa na mama mmoja wa Marekani, Diana Walstad, aliyetoa kitabu chake juu ya mambo haya mwaka 1999. Njia yake ni ya udongo. Chini kabisa tulitandaza udongo wa kawaida wa bustani, usiotiwa mbolea ya dukani wala samadi, tukauchekecha kwanza kuondoa vijiti na mizizi. Kina chake ni kama sentimita 2 na nusu. Juu yake tukautandika mchanga mkubwa wa mto wa kina hicho hicho, ili udongo usitibuke. Mchanga huo nao tuliujaribu kwa siki, haukutoa povu, tukauosha mpaka maji yakatoka meupe. Mjukuu wangu alihesabu, ilikuwa mara 9.

Tatu ni mimea yenyewe. Nyuma tulipanda valisineria, majani marefu kama utepe, ambayo huzaa vichipukizi vyake chini ya mchanga na kusambaa yenyewe. Mbele tukaweka anubia, mmea wa mito ya Afrika Magharibi na ya Kati, wenye majani mazito ya kijani kiwivu. Huyu hapandwi mchangani. Shina lake nene likifukiwa huoza, hivyo tulilifunga kwa uzi juu ya kipande cha jiwe, mizizi ikajishikiza yenyewe. Juu ya maji tukaacha ielee seratofilo, mmea laini usio na mizizi, uliojaa majani membamba kama mkia wa paka aliyeshtuka. Huo hukua upesi sana, na upesi wake ndiyo faida yake, kwani mmea unaokua upesi hula amonia moja kwa moja kutoka majini. Mimea ni washirika wa wale bakteria. Mwanzoni, kabla ya bakteria kutosha, ndiyo huchukua sehemu kubwa ya mzigo. Kwa hivyo asiyetaka kujuta na apande mingi siku ya kwanza, si shina moja moja kama anayepanda mnazi.

Nne ni maji. Tuliweka sahani juu ya mchanga tukamimina polepole juu ya sahani, ili udongo usivurugike. Taa tuliiwasha saa 8 kwa siku, kisha giza. Mtu akiwasha taa mchana na usiku kwa tamaa ya mimea, huvuna ukoga.

Tano ni kungoja, na hapa ndipo penye kazi. Kwa kuwa bakteria lazima wapate chakula, na samaki hawamo, kila siku mjukuu wangu alitia chembe ndogo ya chakula ioze ndani ya birika. Bi mkubwa alipotukuta tunalilisha birika tupu, alishika kiuno akasema, "Sasa mwalisha majini?" Mtoto akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka mbele ya birika lile tangu nimgombeze. Nikamwambia bibi yake kwamba hakukosea sana. Twawalisha wakaao majini, wasioonekana kwa jicho, na bila ya hao hakuna samaki.

Mwalimu alituletea matone ya kupimia maji. Mjukuu akatenga daftari, akawa anaandika kila baada ya siku mbili. Juma la kwanza na la pili amonia ilipanda, kwani hata udongo mpya hutoa yake. Maji yakawa na rangi ya chai nyepesi, na baadhi ya majani ya valisineria yakayeyuka. Nilitaka kumwaga kila kitu. Mtoto ndiye aliyenizuia, akasema, "Babu, maji bado mageni." Juma la tatu amonia ikashuka, nitriti ikapanda. Mwisho wa juma la tano vyote viwili vilikuwa sufuri, na valisineria ilikwisha kutoa majani mapya. Konokono wadogo waliokuja pamoja na mimea walikuwa wametapakaa kwenye kioo wakila ukoga.

Konokono hao waliniudhi mpaka nilipojua habari yao. Mwaka 1849, bwana mmoja mkemia wa London, Robert Warington, aliweka samaki wawili wa dhahabu katika chombo cha kioo cha lita 50 na ushei, pamoja na shina la valisineria, mmea ule ule tulioupanda sisi. Alitaka kujua kama mmea na mnyama waweza kusaidiana wakaishi bila ya maji kubadilishwa kila mara. Majani makuukuu yalipooza yakayachafua maji, akatia konokono wakayala, na chombo kikatengemaa. Mwaka 1850 akaiandikia jamii ya wanakemia habari ya jaribio lake, na mtindo ukaenea Uingereza nzima. Mimi nasema bwana yule alipata alichokitafuta kwa sababu aliona kwamba kinachokosekana si usafi, bali ni kiumbe mmoja zaidi.

Mwisho wa juma la sita tuliwarudisha wale wawili. Baada ya juma moja tukaongeza wanne, na baadaye wanne tena, ili bakteria wapate kuzoea mzigo. Twawalisha mara moja kwa siku, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, na kila Ijumaa twatoa robo ya maji na kutia mengine yaliyokaa wazi. Stima ikikatika usiku twaacha birika wazi juu lipate hewa, maana mimea hutoa hewa safi ikiwa na mwangaza, lakini gizani nayo huitumia kama sisi. Nimeongeza sharti moja nyumbani. Samaki wala jani lolote lisitupwe katika mto, kisima au kidimbwi. Gapi ni wenyeji wa Amerika ya Kusini na kisiwa cha Trinidad, na jina lao latokana na Bwana Guppy, aliyepeleka mfano wao London katika karne ya 19. Na mtu yeyote aliyeliona gugu maji lilivyoifunga pwani ya Kisumu anajua mmea mgeni ukipata maji yasiyo na mwenyewe hufanya nini.

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni mambo ya kupoteza wakati. Nami namjibu kwa habari ya mji wangu. Mwaka 2004 Lamu iliingiliwa na homa ya chikungunya, ile inayomkunja mtu viungo, na jina lake lenyewe latokana na Kimakonde. Ilikuwa baada ya ukame. Watu walikuwa wameweka maji majumbani, na mbu wa homa hiyo hupenda kuzaa katika vyombo vya maji ya nyumbani. Mwaka huo huo ikafika Mombasa, na ikarudi tena mwishoni mwa mwaka 2017. Huko Kisii, wataalamu walipotia perege katika mabwawa yaliyotelekezwa, viluwiluwi vya mbu wa malaria vilipungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi, na habari yake ikachapishwa mwaka 2007. Sisemi kwamba samaki peke yao watatuondolea mbu. Nasema babu zetu walilijua jambo hili, wakalijengea hata bakuli, na sisi tukang'oa mabirika tukaweka mapipa ya plastiki, tukasahau kuuliza samaki walikuwa wakifanya nini mle ndani.

Sasa birika letu lina miezi saba. Gapi jike huzaa watoto walio hai, na kati ya majani ya seratofilo mna vitoto vidogo kama kucha. Kikopo cha chakula kiko kwa mjukuu wangu. Hanipi tena, wala mimi simwombi. Juzi mtoto wa jirani alikuja na samaki wake katika mfuko wa plastiki, na ndoo mpya, mbio mbio, akitaka kuwatia papo hapo. Nilikuwa ukumbini nasoma. Nikamsikia mjukuu wangu akimwambia, tena kwa sauti ya utu uzima, "Ngoja kwanza. Maji haya bado mageni. Mlete samaki wako akae kwetu mpaka yazoee."

Nikaweka kitabu chini, nikamkumbuka mzee wangu wa Mkomani, nikamrehemu. Na kwa kuwa mshairi hakosi la kutia mwisho, nimeandika ubeti huu na kuubandika ubavuni mwa birika:

Mgeni akija pwani, hukaribishwa mkeka,
Na maji ya kiooni, hutaka kuzoeleka,
Kuna waja mchangani, kazini wasiochoka,
Haraka weka pembeni, samaki watafugika.